Jiwe Alilolisugua Povu

Povu, yule mwosha malori wa kule juu nyuma ya maegesho, hakuanzia pale. Miaka ishirini aliosha magari ndani ya mto wenyewe. Dereva aliingiza lori majini hadi nusu ya tairi, Povu akavua viatu, akamwaga sabuni ya unga, na mto ukabeba uchafu bila kuombwa. Jina alilipata kwa sababu mtu aliyesimama kwenye daraja la chini alijua kama leo kuna wateja kwa kutazama tu kilichokuwa kikielea.

Kila siku saa nne mkewe alimletea chai. Akishammiminia, alikaa kwenye jiwe bapa lililochungulia majini kusubiri kikombe, na wala hakuwa na haraka nacho. Alikuwa akiwangoja fisi maji, wale wanyama wa mtoni wenye manyoya laini. Waliibuka ng'ambo, wawili, siku nyingine wanne, kila mmoja na kaa wake, wakamshika kwa mikono miwili kama mtoto na hindi la kuchoma, wakamtafuna na magamba yake. Mama huyo alicheka hadi akajishika mbavu.

Kisha wakapungua, na mwaka mmoja hawakuonekana kabisa.

"Ni sabuni yako, baba watoto," mkewe alimwambia. "Kaa wamekwisha. Hawa wenzangu wale nini, povu?"

"Maji yanapita, mama watoto. Sabuni ya asubuhi, jioni iko mbali."

"Na ya kesho asubuhi?"

Povu akajifanya ameona tope kwenye tairi.

Mkewe aliugua wiki tatu tu. Siku za mwisho, sauti imekwisha, alimwomba jambo moja: "Wakirudi, uje uniambie."

Baada ya msiba Povu akauhama mto. Alimwaga sakafu ya zege kule juu, akachimba mashimo mawili ya mchanga na kokoto, akapanda matete mbele ya mashimo ili maji machafu yachujike kabla ya kufika mtoni. Watu walisema majonzi yamempanda kichwani. Nusu ya madereva walimkimbia, wakaenda kwa waoshaji wa mto wa pili. Yeye akapiga moyo konde. Alikuwa na habari moja tu ya kupeleka kaburini, na miaka mitano ikapita hajaipata.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi, aliteremka na ndoo na brashi kulisugua lile jiwe, bila sabuni, alishaapa. Likitakata alikaa pembeni yake, si juu yake, akatazama ng'ambo. Alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikamuuma, na hakuona haya kusema hivyo kwa yeyote aliyemuuliza hali.

Tangu mvua za mwanzo, jiwe lilikuwa limeanza kumchokoza. Kila baada ya siku mbili tatu alikuta kinyesi cheusi chenye vipande vyeupe na harufu ya samaki. Aliwashuku mabata. Akawashuku walevi. Akarudi kwa mabata.

Asubuhi moja akakutwa na mpima maji, binti anayekuja kila mwezi na chupa zake kuchukua maji ya mto.

"Shikamoo, mzee. Unasugua nini?"

"Marahaba, mwanangu. Uchafu wa mabata. Wamekosa adabu, wanajisaidia kwenye kiti cha mtu."

Binti akachuchumaa, akachokoa kwa kijiti, akanusa. Povu akageuza uso.

"Mzee, haya ni magamba ya kaa. Hii si kazi ya bata, ni ya fisi maji. Huacha alama mahali palepale ili wenzao wanuse wajue kuna mtu. Ndiyo hodi yao. Umeanza kuiona lini?"

"Miezi saba sasa."

"Na ukaifanyaje?"

Povu akaitazama brashi mkononi. Miezi saba wamepiga hodi, na yeye, mwenye kuwangoja kuliko wote, amewafutia hodi yao mlangoni. Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka mbele ya mtoto wa watu.

"Liache tu lichafuke, mzee."

"Ni kiti cha mke wangu."

Binti akainuka. Akajaza chupa zake, akaaga.

Kesho yake Povu aliteremka mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi. Juu ya jiwe, palepale mkewe alipokuwa akiweka chupa ya chai, palikuwa na rundo jipya, bado bichi. Ilimuuma. Alishika hata pindo la shati lake apanguse. Akaliachia, akaketi nyasini.

"Mama watoto," akasema, "wamerudi. Wamekichafua kiti chako chote."

Ng'ambo, matete yakatikisika na hakukuwa na upepo. Povu akanyoosha shingo, hakuona kitu. Akajipangusa uso kwa kiganja, akawaitikia kama anavyoitikiwa mgeni aliyegonga siku nyingi:

"Karibuni."