Viatu Visivyo na Tope

Kwa miaka ishirini na minane marehemu Anaeli aliizibua chemchemi ya juu ya Moshono kwa jembe lake, bila malipo, akisema maji ni ya Mungu, sisi ni watunzaji tu. Mwezi haujaisha tangu azikwe, wageni wawili wa chama cha siasa walimjia mjane wake, Eunike. Walitaka atie sahihi ili kampeni yao ya mazingira ibebe jina la mumewe.

“Mama, tunatetea haki ya wajukuu ambao hawajazaliwa,” alisema mmoja wao, mwanamume.

Eunike alimtazama kichwani mpaka miguuni. “Chemchemi mmeiona?”

“Tumetoka huko sasa hivi. Inapendeza.”

“Basi malaika waliwabeba. Masika haya hakuna aliyepanda kule akarudi na viatu vinavyong’aa hivyo.”

Mwanamume alicheka peke yake. Dada aliyefuatana naye aliinamisha kichwa. “Tusamehe, mama. Hatujafika.”

Eunike aliikunja karatasi bila kuitia sahihi, kisha akatoa jembe la marehemu nyuma ya mlango. Yule dada alivua viatu, akalipokea. Wakapanda kuelekea chemchemini, Eunike akimfuata kwa nyuma, apate kuona atakavyolishika.