Mkono wa Kushoto kwenye Bao la Kaka

Mimi si mtu wa kuamini mizimu, na wanaoniita mzee mkaidi hawajakosea. Lakini jambo la Masumbwe limening'ang'ania miaka yote hii, nami sijapata pa kulitua.

Sisi vijana wa kambi ya mgodi, Mwadui, tulikuwa na chama chetu cha isolo, bao la Kisukuma. Bingwa wetu alikuwa kaka yangu. Ndiye aliyechonga bao la chama kwa mti wa mninga, na alilicheza kwa mkono wa kushoto, maana ndivyo alivyozaliwa. Mama alihangaika na mkono ule tangu utotoni mwake. Kila ukienda kwenye ugali, aliuchapa. Kaka alicheka tu, akala kwa kulia, kisha akarudi baoni na kushoto kwake.

Masika yale homa ikamchukua. Bao likabaki nyumbani, Mama analipaka mafuta kila asubuhi. Mwaliko wa chama cha mji wa Masumbwe ulikuwa umeshakubaliwa zamani, na desturi ya mashindano yetu ilijulikana: chama kinachoshindwa kinaacha bao lake. Nilimwambia Mama tukatae. Yeye akalifunga kwa kanga, akanikabidhi.

"Lirudi," akasema.

Tuliondoka Jumamosi kwa lori la mfanyabiashara wa pamba. Jumapili asubuhi vyama vilikuwa sare, tukabaki mimi na fundi baiskeli mmoja wa kulekule, mtu mpole mwenye kikohozi. Nilicheza ovyo kabisa. Kete zangu zikawa zinaisha kama mtama mbele ya kuku, na mimi nawaza nitamtazamaje Mama.

Sijui ilianza saa ngapi. Nilichota, nikasambaza, nikala. Nikachota tena, kete zikigonga mti harakaharaka, kwa mapigo niliyozoea kuyasikia nikiwa nimekaa upande wa pili. Sikuwa nikihesabu chochote. Fundi akaacha kutazama bao, akautazama mkono wangu.

"Ndugu yangu, ulianza kwa kulia," akasema taratibu. "Huyu wa kushoto nilicheza naye mwaka jana."

Niliogopa, tena sana. Hata hivyo mkono haukusimama mpaka upande wake ukabaki mtupu.

Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikumbatia bao, sina hamu hata ya maji.

Jioni Mama alilipokea, akalirudisha mahali pake, akanitengea ugali wa mtama na mlenda. Nilikuwa nimeshamega tonge ndipo nikauona mkono uliolishika. Wa kushoto. Nikasubiri kuchapwa.

Mama hakunichapa. Alisogeza bakuli la mlenda upande uleule wa kushoto, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Kula, mwanangu," akasema. "Umekonda huko uliko."