Rubani Aliyeshushwa Cheo na Mtafsiri

Kwenye kibanda cha kuweka filamu kwenye flashi, hapo Kagongwa, binti wa sekondari aliomba filamu anayoipenda kuliko zote, ya mwanamke anayerusha ndege. Alitaka kumwonyesha baba yake, asiyeamini kwamba kuna rubani wa kike.

Muuzaji akamfungulia iliyotafsiriwa Kiswahili. Mwanamke kashika usukani mawinguni, mtafsiri anapaza sauti: “Huyu ni mhudumu tu, rubani kaenda chooni!”

Mimi niliyekuwa nasubiri zamu yangu nikaifokea ile sauti ya mtafsiri, “Kaka, huko chooni kuna nini? Filamu inaisha hajarudi!”

Muuzaji akacheka mpaka akashikilia meza. Binti hakucheka. Akasogeza flashi yake: “Niwekee isiyotafsiriwa. Baba nitamtafsiria mwenyewe.”

Ndugu watafsiri, mkitoka huko chooni mtakuta kiti chenu kimeshakaliwa.