Nsajigwa Apima Joto la Udongo, Kinyala Wasikia Bikoni

Saa saba mchana ukungu umeiachia Kinyala kidogo na jua limetoboa. Nsajigwa Mwakalobo amepiga magoti katikati ya maharage ya mkulima Veronika, anatukana kwa sauti ya chini, maana ni mzee wa kanisa.

"Wameng'oa tena! Atakuwa Felista tu. Nani mwingine?"

Kilichong'olewa ni kijiti chekundu. Chini yake, kina cha vidole vinne, amefukia kisahani kilichofungwa waya unaokwenda kwenye mita. Jua likipiga, sehemu ya joto huzama udongoni. Usiku hupanda tena. Kisahani hueleza ni kiasi gani kinapita. Ukijua kilichozama, unaweza kukadiria kilichobaki juu, kile kinachokausha maji ya shamba. Hesabu hiyo ndiyo mradi wa utafiti unayoitaka.

Nsajigwa, mwenye umri wa miaka 51, alikuwa karani wa mizani ya kahawa kwenye chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia, ushirika ukayumba naye akapunguzwa. Ujira wa mradi unamtosha kwa sabuni, chumvi na ada ya mtoto mmoja. Anao wanne.

"Nilipopima kahawa waliniita mwizi," anasema. "Sasa napima joto, wananiita dalali. Kwani nikipima kitu hapa Kinyala lazima kipotee?"

Kosa, anakiri, lilikuwa mdomo wake. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema, "Ndugu zangu, nimekuja kupima shamba la Veronika."

Kupima shamba! Na mwaka wenyewe ni huu, ambao haipiti wiki bila kusikika mwekezaji. Kwa watu wa hapa, shamba likipimwa hupandwa bikoni, nguzo za kuonyesha mpaka, na bikoni ikishapandwa anayefuata ni mtu wa kukuhamisha. Mkutano haujafungwa, habari zilikwishafika sokoni Tukuyu kwamba Mzungu amenunua kuanzia mgongo wa kilima hadi mtoni. Kufikia Jumapili Mzungu huyo alikuwa na farasi wawili, na wapo walioapa kwamba mmoja wao alikohoa usiku.

Felista, jirani wa Veronika, anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Ugonile, tata," anamwamkia kwa Kinyakyusa, yaani umeamkaje, baba.

"Ndaga. Dada Felista, kijiti changu kimekukosea nini?"

"Hiyo ni bikoni."

"Bikoni gani ya mti wa mpera? Bikoni ni zege!"

"Wanaanzaga na mpera."

Nsajigwa anafunga macho. Kijiti kiling'olewa pamoja na bonge la udongo, hewa imeingia pembeni ya kisahani, na mita sasa inasema uongo mtupu. Wiki hii ndiyo majani ya maharage yanafunika ardhi, na joto linalozama linapungua kila siku. Siku hizo zikipita, maharage hayarudi utotoni. Wilson, msimamizi wa mradi, ameshamwambia: udongo ukichokolewa mara nyingine, vifaa vinahamia Matwebe, na kibarua chake kinakwenda navyo.

"Tua mzigo," anamwambia Felista. "Weka kiganja hapa, udongo ulio wazi. Haya, sasa hapa, chini ya majani."

Felista anagusa, anarudia. "Kule ni moto. Huku kumepoa."

"Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta! Mpaka wako sina haja nao, hata ukinipa na ng'ombe juu."

Mama huyo anapangusa kiganja kwenye kanga. "Kumbe hupimi shamba. Unalipima homa."

Nsajigwa anaghairi kumsahihisha, anakiokota kijiti chake. "Haya. Homa."

Tangu hapo hakuna aliyegusa kijiti. Badala yake, Kinyala nzima inajua kwamba shamba la Veronika ni mgonjwa, limepata tabibu, na wanaulizana kwa uchungu kwa nini linatibiwa lake peke yake. Felista amechomeka vijiti vitatu vyekundu migombani kwake, anangoja zamu.

Nsajigwa anaomba afikishe maharage haya kwenye mavuno bila kuchokolewa. Msimu ujao atamwomba Wilson kisahani cha pili, akifukie kwenye migomba ya Felista.

"Si kwa ajili ya utafiti," anasema, akifuta mita kwa pindo la shati. "Ni ili nipumue."

Sauti ya Felista inavuka ua.

"Tata! Njoo upesi! La kwangu linatetemeka!"