Mkono wa Mama Mdogo

Fundi alikuwa akishona sare za shule ile tangu binti yake hajazaliwa, kwa hiyo siku binti aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya shati, mtaa mzima ulitega masikio. Shule ilikuwa imepiga marufuku sweta za nyumbani, kuwe na baridi kusiwe na baridi, na aliyeuliza sababu alipigishwa magoti. Binti hakuuliza. Alivaa shati lililotariziwa neno mgongoni kwa uzi mwekundu.

"Fundi, lifumue hilo neno," mwalimu mkuu alisema kwa simu, "ndipo arudi darasani."

Fundi alilitandaza shati juu ya meza ya kukatia. Ukaidi wa mtoto hakuuona, aliuona mshono. Mishono midogo, iliyobanana, ya mdogo wake mwenye duka la kutarizi lenye vioo ng'ambo ya barabara, yule ambaye tangu utotoni husifiwa kwa kila anachogusa. Kijiba cha roho kikamshika. Mtoto aliyelala chini ya cherehani hii akiwa mchanga, leo anavuka barabara kwenda kutariziwa na mwingine!

Kisha akasoma: TUSISIKILIZWE. SI mbili, badala ya moja ya TUSIKILIZWE. Bingwa wa mtaa alikuwa amewaombea watoto wasisikilizwe, na mwalimu mkuu kwa hasira zake hata hakugundua. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nimeliona kosa nilipolivua," binti alisema. "Mama mdogo kakosea."

"Na kwangu hukuja kwa nini?"

"Ungekataa, mama. Ungesema utanyimwa kazi ya shule."

Kicheko kikamkauka. Angekataa, ni kweli. Mdogo wake alikubali, tena bila kuuliza chochote, na hilo lilimuuma kuliko sifa zake zote.

Akachukua wembe, akaanza kufumua. Binti aligeukia ukutani, machozi yakimlengalenga. Fundi aliitoa SI moja, akaendelea, akalimaliza neno zima. Halafu akatunga uzi mwekundu kwenye sindano na kuanza upya, T yake kubwa kuliko ile ya kwanza.

Binti aligeuka. "Si ungetoa SI moja tu?"

"Sitaki mkono wa mtu mgongoni mwa mwanangu," fundi alisema bila kuinua macho. "Kesho wakikufukuza, wakufukuze na mshono wangu."