Seti Tatu za Mama Hope

Romana, muuguzi ambaye Bagara nzima inamwita Mama Hope, mwaka huu alitaka jambo moja tu: kwenda kwenye mashindano ya Singida na timu ya watumishi ya mpira wa vinyoya. Nafasi ilibaki moja. Nahodha, Baba Eliya, bwana shamba wa miaka hamsini na tatu mwenye nadharia kuhusu kila kitu, hakuona sababu ya kumpa mwanamke.

"Mama Hope, mioyo yenu inakimbia mno," alimweleza kwa upole, kama anayefundisha upandaji wa mbaazi. "Seti tatu hamzimalizi."

"Tucheze tatu, halafu tuhesabu."

Wakacheza Jumamosi asubuhi nyuma ya ofisi. Baba Eliya alishinda seti ya kwanza kwa nguvu. Ya pili alishindwa kwa heshima, na ya tatu kwa namna isiyo na jina bado. Romana akashika saa, akapima mapigo.

"Mimi mia na sitini na nane. Wewe mia na hamsini na nane."

Baba Eliya akainua kidole cha ushindi. Kusema bado hakuweza. Romana hakubisha; chuoni alifundishwa kwamba moyo wa mwanamke ni mdogo, kwa hiyo hupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Jasho nalo lilitofautiana: yeye paji la uso tu, mwenzake kama aliyelivuka Ziwa Babati bila mtumbwi.

Ndipo akatokea Anjela, karani, na chupa ya chai.

"Shikamoo, Baba Eliya."

Mdomo ukafunguka. Ukatoka upepo.

Anjela, binti aliyetoka Mutuka na kulelewa vizuri, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

Upepo.

"Mama Hope, nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, mwanangu. Marahaba iko njiani."

"Mjibu mtoto, jamani!" akapaza sauti Elimringi, mchezaji mwenzao, akiwa amekaa kwenye tofali.

Dakika mbili zilikuwa zimepita tangu mchezo uishe. Romana akapima tena, maana moyo wenye nguvu hujulikana kwa kutulia haraka: yeye mia na kumi na mbili, nahodha mia na arobaini na saba. Akacheka mpaka akashikilia nguzo ya wavu.

"Nahodha, Mama Hope aende?" akauliza Elimringi.

Baba Eliya akainamisha kichwa kutafuta hewa. Wote wakaona amekubali. Anjela, kwa hofu ya kumkosea tena, akaandika jina la Mama Hope kwenye orodha papo hapo.

"Lakini..." akaanza Baba Eliya, pumzi ziliporudi.

Romana alikuwa ameshafika getini, anarukaruka, anampigia bintiye simu kuuliza kama Singida kuna baridi.