Siku ya Magurudumu

Mwaka 1970, nikiwa na miaka ishirini, mume wangu alipanda lori pale Iringa akasema anakwenda Zambia kutafuta kazi ya mgodini. Mpaka leo hajarudi. Aliniacha Kalenga kwa wazazi wake, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Baada ya mavuno mawili mama mkwe akaanza kunipimia unga kwa kikombe. Sikungoja anifukuze. Nilifunga sufuria na blanketi ndani ya kitenge, nikashuka Chimala na wanangu, kwa sababu nilisikia kule madereva husimama kula.

Shule niliishia darasa la pili. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa maandishi ya ubavuni mwa malori. Asiyependa ninavyoandika afunge kitabu, simdai.

Chimala nilipika wali na maharage kando ya barabara. Barabara yenyewe ilikuwa inatengenezwa, vumbi lilikuwa kitoweo cha pili. Madereva walikula. Wengine walilipa, wengine walisema, "Mama, nikirudi." Nikirudi yao niliijua vizuri, hata mume wangu aliisema. Nikaweka sheria: usiye na hela, acha kitu. Waliacha turubai, waliacha jeki mbovu, lakini zaidi waliacha magurudumu, ringi na tairi lake lililokwisha kipara. Nikawa nayapanga nyuma ya kibanda.

"Mama, lori lako linakuja lini?" watu walinicheka. "Maana magurudumu tayari."

Mimi niliendelea kupanga.

Wakati ule familia za wafugaji kutoka kaskazini zilikuwa zinaingia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Mmoja wao alikuwa Msukuma wa rika langu, fundi wa kufua chuma. Siku moja alimaliza kula, akaenda nyuma ya kibanda, akayazunguka magurudumu yangu kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Dada, haya unauza?"

"Siuzi. Wewe una nini?"

"Nina maksai wawili na nyundo."

"Na akili?"

"Akili ipo. Ila leo nimemfunga mbwa wangu, nimesikia mpishi wa hapa ni Mhehe, na mbwa kwenu ni kitoweo."

"Mbwa wako amekonda kama wewe, asiogope. Ninyi si mnasalimia ng'ombe kwanza, mke baadaye?"

"Ng'ombe anaitikia, dada."

Nilicheka mpaka mwiko ukadondoka. Ndivyo tulivyoanza. Alitaka kutengeneza mkokoteni wa kuvutwa na ng'ombe. Watu wa Usangu walikuwa wanabeba mpunga kichwani kutoka mashambani mpaka barabarani, na mwingine ulinyeshewa shambani kwa kukosa shingo za kuubeba. Yeye alikuwa na nguvu na ufundi. Hakuwa na ekseli wala mbao. Mimi nilijua vilipo.

Kihesa, pale Iringa, aliishi kaka wa marehemu baba yangu, dereva mstaafu, mimi namwita baba mkubwa. Uani kwake yalikuwa yamelala malori mawili mafu, na chini ya kila lori ekseli mbili nzima. Jirani yake alikuwa fundi seremala, mzee wa kanisa, mwenye mbao kavu zilizojaa mpaka chumba cha kulala. Wazee hawa walikuwa na mali, lakini mali yenyewe imelala, na waliogopa kuiamsha. Miaka ile ukionekana unaajiri watu, unaitwa kupe, mnyonya damu ya wenzako.

Nilipanda lori nikaenda kuwaona. Ilikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, walikuwa wamekaa uani na kata yao. Nikawaambia, "Sitaki hela zenu. Toeni kitu. Kitu kinabaki chako. Kikifanya kazi, una siku yake."

"Siku yake vipi?" seremala akauliza.

Nikawaeleza. Mkokoteni ukianza kubeba, Jumatatu ni siku ya ekseli: wenye mpunga wanachotoa siku hiyo ni cha baba mkubwa. Jumanne ni ya mbao. Jumatano na Ijumaa ni za fundi na maksai wake. Alhamisi ni siku ya magurudumu, yangu mimi. Jumamosi haina mwenyewe: tunaiweka ya kumsimamisha mtu mwingine anayetaka kuanza kazi. Jumapili ng'ombe wanapumzika.

Baba mkubwa akafuta mdomo. "Huyo Msukuma unamjua?"

"Namjua. Nilimwazima sufuria yangu kubwa walipopata msiba. Aliirudisha imesuguliwa kwa mchanga ndani na nje."

"Sufuria tu?"

"Baba, wewe uliazima jembe la baba yangu kabla hajafa. Liko wapi?"

Seremala alicheka mpaka ulanzi ukamtoka puani. Baba mkubwa naye akacheka, akasema, "Huyu mtoto ana mdomo kama mama yake." Seremala alisimama akaomba dua fupi juu ya makubaliano yetu, wote tukaitikia amina. Jembe likapita hivyo hivyo, katika kicheko. Mgeni nilimpima kwa sufuria. Ndugu nilimpima kwa damu.

Mkokoteni wa kwanza ulipotoka, watoto waliukimbilia mpaka shambani. Tukatengeneza wa pili, tukafika wa nne, ekseli zote nne zikawa Usangu. Chimala walituita watu wa vipande. Na ile Jumamosi ilifanya kazi yake. Mama mmoja wa Kihesa aliyetaka kuoka mikate tulimpa pipa la tanuru, mbao za meza na gunia lake la kwanza la ngano. Wa pili alikuwa fundi viatu kule Mbeya. Kila mtu mwenye kitu kilicholala akawa ananiuliza mimi, na kila mwenye mikono mitupu akawa ananiuliza mimi. Nilipita barabara ile, Iringa, Chimala, Mbeya, mpaka makondakta wakaacha kuniuliza nashukia wapi. Nilikuwa natembea kichwa juu. Msichana aliyepimiwa unga kwa kikombe, sasa wazee wanamsubiri ndipo waanze kikao.

Ilikuwa mavuno ya mwaka 1977. Nilikuwa Kihesa kumsaidia yule mama wa mikate kujenga tanuru la pili, nikakaa kuliko nilivyopanga. Nikarudi Chimala Jumatano jioni, na Alhamisi asubuhi nikaenda karakana ya fundi kuona siku yangu inaendaje.

Mikokoteni ilikuwa imeshaondoka. Magurudumu yangu, yote manane, yameegemezwa ukutani. Yameoshwa. Kuku alikuwa amelala ndani ya moja.

Na pale kwenye benchi alikaa baba mkubwa. Mtu ambaye miaka yote hakuwahi kukanyaga Chimala.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Magurudumu yangu yanafanya nini hapo?"

"Tumeyaosha."

"Sijauliza kama yameoshwa."

Akavuta kiti akanionyesha nikae. Sikukaa.

"Tumepata mengine," akasema. "Yana hali nzuri kidogo. Nimeona usiendelee kuhangaika na haya mabarabara, una watoto."

"Nani kakwambia nahangaika?"

"Alhamisi tumeigawana. Na Jumamosi pia. Hayo mambo ya kusaidia kila anayepita, mwanangu, mpaka lini?"

"Na mimi?"

Alinitazama kwa upole. Ule upole ndio naukumbuka kuliko maneno. "Wewe kazi yako ilikuwa kutukutanisha. Tumeshakutana."

Seremala hakuja. Alinitumia salamu na mfuko wa maharage. Mtu aliyetuombea dua akaona maharage yanatosha. Nilimwaga palepale, yule kuku akafaidi.

Nilimsubiri fundi mpaka aliporudi na mkokoteni jioni. Aliniona kutoka mbali, akaanza kujishughulisha na nira ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Nitazame," nikamwambia.

"Dada, mimi nilisema tukuambie kwanza."

"Ukasema. Halafu?"

Akaweka mkono shingoni mwa ng'ombe.

"Halafu nikafungua nati," akasema.

"Na kuyaosha?"

"Nimeyaosha mimi. Sikutaka yarudi machafu."

Kama ile sufuria. Alinirudishia vizuri kabisa.

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, kuna kitu chako kimepotea?"

"Hapana."

"Magurudumu yapo?"

"Yapo."

"Basi umerudishiwa mali yako. Kosa liko wapi?"

Na kweli hakukuwa na kosa ambalo mtu angeweza kulionyesha kwa kidole. Kitu kinabaki chako: niliisema mwenyewe uani Kihesa, na kwa maneno yangu wakanitoa. Ekseli ukiitoa mkokoteni unakufa. Gurudumu linafunguliwa kwa spana, linawekwa jingine, ng'ombe hata hajui. Kuwajua watu, kuwasafiria, kuwaombea nafasi, hicho ndicho kilikuwa kipande changu cha kweli, na hakikuwa na nati hata moja ya kukifunga pale.

Niliyasukuma moja moja mpaka barabarani. Fundi alitaka kunisaidia, nikamwambia aguse aone. Sikuuza hata moja. Nilirudi kwenye sufuria na wali, na baadaye nikanunua ekseli Mbeya kwa hela yangu, mbao kwa hela yangu, maksai kwa hela yangu, nikamlipa fundi mwingine mshahara. Walioniita kupe niliwauzia chakula.

Yule mama wa mikate alifunga tanuru la pili kabla halijawaka. Bila ile Jumamosi hakuna aliyemletea ngano.

Baba mkubwa alipokufa nilikwenda msibani Kihesa. Nilipika, nililia kama inavyotakiwa, kwa sababu ni baba. Siku ya kuondoa tanga nilizunguka nyuma ya nyumba yake nikaliona jembe, limechomekwa kwenye paa la zizi. Nililichukua mchana, watu wakiona. Hakuna aliyeniuliza.

Mwaka jana walikuja vijana wa mjini kunitembelea. Wanataka kuunganisha wenye mitaji na wanaoanza biashara, Iringa mpaka Mbeya, wamesikia niliwahi kuifanya kazi hiyo. Vijana wazuri, wana heshima, walileta sukari. Niliwauliza swali moja: kila mmoja wenu ameleta kipande gani, na kinafunguliwa kwa spana namba ngapi? Walidhani bibi anatania. Mmoja aliandika. Wakaniomba niwe mlezi wao. Nikawapa chai, nikakataa.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Kihesa, vyumba sita, vitatu nimepangisha. Nina shamba la mpunga Chimala, hati iko kwa jina langu peke yangu. Nina maksai wanne na mikokoteni miwili. Nina mashine ya kukoboa. Nina sufuria ile ile. Nina jembe la baba yangu, mpini nimeweka mpya.